Je, Elektroni Huruka? Juu ya Kitenzi, Mfano na Uongo wa Mwalimu

Miongoni mwa mambo yanayompa mwalimu wa Kiswahili kazi asiyoitarajia ni vitenzi vya sayansi. Majina hayasumbui sana. Atomu ni atomu, elektroni ni elektroni, na mwanafunzi huyapokea kama apokeavyo majina ya wageni, bila kuuliza ukoo wao. Kitenzi ni jambo jingine, kwani huja na hukumu ndani yake. Ukisema "jiwe limeanguka" umeeleza tukio. Ukisema "jiwe limeangushwa" umekwisha kuanza kumtafuta mtu.

Katika makala haya tunakusudia kuitazama sentensi moja tu, ambayo kwa namna hii au ile hupatikana katika vitabu vya fizikia vya sekondari: elektroni ya haidrojeni ikiruka kutoka ngazi ya juu hadi ngazi ya chini, atomu hutoa mwanga. Twauliza: je, sentensi hiyo ni kweli? Na kama si kweli yote, je, mwalimu anayeisema mbele ya watoto ni mwongo?

Huenda ndugu walimu wakaona kuwa tumevuka mpaka na kuingia shamba la wenzetu wa maabara. La hasha. Katika nchi zetu hizi, ambamo Kiswahili ni somo na fizikia hufundishwa kwa Kiingereza au Kifaransa, mwanafunzi hulipokea somo kwa lugha moja na aghalabu humweleza mwenzake kwa lugha nyingine, nje ya darasa, chini ya mti. Vitenzi anavyovitumia pale chini ya mti ndivyo vinavyokaa moyoni mwake. Wapo wasemao kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba mambo haya. Wapo pia wasemao kuwa neno lolote litafaa, mradi watoto waelewe. Kwetu kauli hizi mbili ni za baba mmoja, maana zote humwondolea mwalimu kazi ya kupima.

Tuanze na yale yaonekanayo kwa macho, kwani hapo hapana ubishi. Chukua bomba la kioo, litoe hewa, litie gesi kidogo ya haidrojeni, kisha upitishe umeme wenye nguvu. Gesi itawaka kwa rangi iliyo karibu na waridi. Ukiupitisha mwanga huo katika mche wa kioo, hutapata upinde wa mvua uliotandazwa bila pengo kama upatikanavyo kwa mwanga wa balbu ya kawaida. Utapata giza, na ndani ya giza hilo mistari michache myembamba. Inayoonekana wazi ni minne: mmoja mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, mmoja wa rangi iliyo baina ya kijani na buluu, nanomita 486, na miwili ya urujuani, nanomita 434 na 410. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Haidrojeni ya Kampala na haidrojeni ya nyota hutambulikana kwa mpango ule ule wa mistari.

Aliyeusoma mpango huo kwanza alikuwa mwalimu wa shule, nasi twalitaja jambo hilo kwa fahari kidogo. Johann Jakob Balmer alifundisha hisabati katika shule ya wasichana mjini Basel, Uswisi. Mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 60, alitangaza kwamba ukichukua nanomita 364.56 na kuzidisha kwa 9/5, utapata mstari mwekundu. Ukizidisha kwa 4/3, utapata wa pili. Kwa 25/21, wa tatu. Kwa 9/8, wa nne. Msomaji anaweza kujaribu kwa kalamu. Fomula yake ilidai kuwa uko na mstari wa tano, karibu na nanomita 397, na Balmer alipata habari kuwa mstari huo ulikuwa umekwisha kupimwa na wengine.

Linalotuvutia ni kwamba Balmer hakutumia kitenzi chochote juu ya atomu. Hakusema nini huenda, nini huruka, wala nini hutoka. Alisema tu kuwa namba zinalingana, na hesabu yake ingali inafundishwa hadi leo kwa sababu haikudai zaidi ya ilichojua. Lakini haiwezekani kufundisha hivyo mwaka mzima. Mtoto ataiona mistari, atazisikia namba, kisha atainua mkono aulize: kunatokea nini humo ndani? Hapo ndipo kitenzi hudaiwa, na mwalimu hana pa kukimbilia.

Kitenzi kiliingia mwaka 1913. Niels Bohr wa Denmark, ambaye kwa sadfa alizaliwa mwaka ule ule wa fomula ya Balmer, alisema kuwa elektroni ya haidrojeni haiwezi kuwa na nishati yoyote itakayo. Ina hali maalumu tu, nazo huhesabika: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Kuing'oa elektroni iliyo katika hali ya kwanza iondoke kabisa katika atomu kwahitaji elektroni-volti 13.6, katika hali ya pili, 3.4, katika ya tatu, 1.51, katika ya nne, 0.85. Elektroni ikitoka hali ya tatu kuingia ya pili, tofauti ni 1.89, na tofauti hiyo ndiyo nishati ya fotoni moja ya mwanga mwekundu. Mistari minne ya Balmer ni safari nne za kuishia hali ya pili, kutoka ya tatu, ya nne, ya tano na ya sita. Namba za mwalimu wa Basel zikapata maana.

Bohr alikuwa amempelekea maandishi yake Ernest Rutherford, aliyekuwa Manchester, nchini Uingereza. Rutherford aliyasifu, kisha katika barua ya Machi 1913 akaonyesha tatizo moja zito. Aliuliza elektroni huamuaje itetemeke kwa kasi gani inapotoka hali moja kwenda nyingine. Rangi ya mwanga yategemea mwanzo wa safari na mwisho wake pia, basi yaelekea elektroni ijue tangu mwanzo itakaposimama. Mwanafizikia mkubwa alikuwa amekikamata kitenzi mkono. Hapa tuseme jambo dogo la sarufi: Kiswahili kimeiweka elektroni katika ngeli ya I-ZI, wala si A-WA, na kwa hiyo "elektroni imeamua" hukwaruza sikio mara moja. Lakini vitabu hupenda kiambishi hu-, "elektroni huamua", ambacho hakionyeshi ngeli, na mkwaruzo hufichika. Mwalimu anayeshuku kitenzi na akitoe katika hu- akitie katika -me-, asikilize.

Sasa tuje kwenye lile swali la uongo, maana hapa ndipo penye uzito. Ili kuwafundisha watoto juu ya atomu, karibu sote hutumia picha ya jua na sayari: kiini katikati, elektroni ikizunguka. Picha hiyo ni nzuri, huchorwa ubaoni kwa dakika moja, na haiwezi kuwa kweli. Kufuatana na kanuni za umeme zilizojulikana kabla ya Bohr, kitu chenye chaji kinachozunguka hakina budi kupoteza nishati yake kwa kutoa mnururisho. Elektroni ingezunguka huku ikipungua, na ingeanguka katika kiini kwa muda ulio mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kama atomu ingekuwa jua na sayari kwelikweli, pasingekuwa na ubao wala chaki ya kuichorea. Bohr mwenyewe hakueleza kwa nini elektroni haianguki; alikataza tu isianguke. Ufafanuzi ulikuja mwaka 1925 na 1926 kwa kazi za Heisenberg na Schrödinger, nao uliiondoa njia ya duara yenyewe. Katika hali ya kwanza elektroni haizunguki kiini kama mwezi uzungukavyo dunia. Lililobaki ni wingu la uwezekano, zito zaidi hapa, jepesi zaidi pale.

Je, basi, mwalimu wa kidato cha pili aliyechora sayari amedanganya? Wapo wenye msimamo mkali wasemao ndiyo, na kwamba afadhali mtoto asubiri mpaka aweze kuupokea ukweli kamili. Hatukubaliani nao. Kwa kipimo hicho hakuna mwalimu atakayefungua kinywa, kwani hata hilo wingu ni mfano. Mtoto aliyesubiri ukweli kamili hajifunzi kitu; aliyepewa mfano amepewa mahali pa kusimama anapouliza swali lake la pili. Lakini pia hatukubaliani na wale wanaosema kuwa mfano hauna dhambi kamwe. Twaona kuwa uongo hauingii wakati wa kuchora. Huingia baadaye, pale mwanafunzi mwenye akili anapouliza, "Mwalimu, mbona elektroni haianguki kwenye kiini?" naye akajibiwa, "Nyamaza, hilo halimo katika mtihani." Kwa maneno hayo mfano uliokuwa mlango umefanywa ukuta. Mwalimu angeweza kusema: umeuliza vizuri, hapo ndipo picha yangu inapokatika, na waliokutangulia kuuliza swali hilo walilazimika kuibadilisha fizikia yote. Jibu la kwanza humlinda mwalimu. La pili humgharimu heshima kidogo, kwa fikra zake mwenyewe, ijapokuwa watoto aghalabu huhesabu kinyume.

Wajibu wa mwalimu wa lugha katika jambo hili ni kuchagua mifano ambayo ikikatika, hukatika mahali pazuri. Tutoe mmoja. Vitabu husema "ngazi za nishati", na neno ngazi halina ubaya, lakini Kiswahili kina neno jingine lenye siri zaidi, nalo ni kidato. Kidato kwa asili ni pale palipochongwa katika shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Kidato pia ni darasa la sekondari. Tazama jinsi maana hizi mbili zilivyo mbalimbali. Mkwezi atokaye kidato cha tatu cha mnazi kwenda cha pili hupita katikati. Mguu wake, japo kwa nukta moja, huwa hewani. Lakini mwanafunzi atokaye Kidato cha Kwanza kwenda cha Pili hapiti mahali popote. Kesho ataketi labda katika chumba kile kile. Hakuna siku ambayo daftari la shule litamwandika kuwa yumo katika kidato cha kwanza na nusu. Bohr alichora kidato cha mnazi. Fizikia iliyofuata imekielekea kidato cha shule, kwa maana kwamba kilichobadilika ni hali ya atomu nzima, wala si mahali elektroni ilipotundikwa. Mfano huu nao una mwisho wake, kwa kuwa mwanafunzi hupandishwa kwa kauli ya mwalimu mkuu, na atomu haina mwalimu mkuu. Jambo hilo tutalirudia.

Kabla yake, kitenzi kutoa. Tunauacha kando mkasa wa jina mwanga, ambalo katika ngeli nyingine humtaja mchawi, na kila darasa lina mcheshi wa kulikumbusha hilo. Tabu iko katika kitenzi. Kutoa maji kisimani ni kukitoa nje kitu kilichokuwamo. Kutoa fedha mfukoni ni hivyo hivyo. Mtoto akisikia kuwa atomu hutoa fotoni, kwa haki kabisa ataifikiria fotoni imelala ndani ya atomu kama sarafu mfukoni, ikingoja. Nasi tumesikia swali hilo zaidi ya mara moja: mwanga ule ulikuwa wapi kabla haujatoka?

Haukuwa popote. Fotoni haihifadhiwi ndani ya atomu. Kilichokuwamo ni ziada ya nishati, nayo si mwanga bado. Wakati wa badiliko hilo fotoni huanza kuwako, na kabla ya hapo haikuwako, wala mahali pengine haikuazimwa. Je, tukiache kitenzi kutoa? Wapo watakaopendekeza "kuzaa" au "kuumba". Kuzaa kuna mimba, na mimba ni kitu kilichokuwamo. Kuumba ni neno zito ambalo waumini wetu wa dini zote wamelitengea Mwenyewe, na si adabu kulipa atomu. Sisi twasema kutoa kibaki, kwa sababu kitenzi hiki kina maana ya pili iliyosahauliwa hapo darasani. Mtu hutoa sauti. Sauti haikuwamo kooni ikingoja. Kooni mlikuwa na pumzi na nguvu. Mtu hutoa kauli, hutoa hukumu, na hukumu haikuwamo mfukoni mwa hakimu. Mwalimu akisema mara moja tu, "atomu hutoa mwanga kama mtu atoavyo sauti, si kama atoavyo sarafu", kitenzi kitakuwa kimesafishwa, wala hakuna haja ya kuunda kingine.

Hata hivyo asisahau deni. Atoaye sauti hupungukiwa na pumzi, na atomu itoayo fotoni nyekundu hupungukiwa na elektroni-volti 1.89, si zaidi wala pungufu. Tena husukumwa nyuma kidogo, kama mpiga bunduki. Einstein alilisisitiza hilo mwaka 1916, naye hakufurahia matokeo ya hesabu zake mwenyewe, yaani kwamba mwelekeo wa msukumo huo na wakati wake vimeachiwa bahati.

Hapo twafika kwa mwalimu mkuu asiyekuwapo. Katika kazi ile ile Einstein alitenga njia mbili za atomu kushuka. Ya kwanza, atomu hushuka yenyewe, pasipo kuguswa na mwanga wowote. Ya pili, mwanga wenye rangi ifaayo hupita karibu nayo na kuifanya ishuke, nao hutoka umeongezeka. Kiswahili kimezitofautisha njia hizo kwa silabi moja: hushuka, na hushushwa. Ile ya pili ndiyo msingi wa leza, ambayo iliundwa kwanza mwaka 1960. Ile ya kwanza ndiyo inayowasumbua wenye kutafakari, kwa sababu kitu kinachoshuka chenyewe hakina wa kuulizwa kwa nini kimeshuka sasa na si kesho.

Muda wa wastani twaujua vizuri sana. Katika hali ya pili ya haidrojeni mna namna mbalimbali za wingu zenye nishati karibu sawa. Mojawapo hudumu kwa wastani nanosekunde 1.6 tu. Nyingine, kwa kuwa umbo lake huifunga njia ya kawaida ya kutoa fotoni moja, hungoja takriban sehemu ya nane ya sekunde, na huondoka kwa kutoa fotoni mbili kwa pamoja. Huko ni kungoja zaidi ya mara milioni 70. Lakini atomu hii hapa, uliyoichagua wewe, itashuka lini? Hilo halitabiriki. Na hapa twaomba uangalifu wa maneno, maana "hatujui sababu" na "hakuna sababu ya kujulikana" ni kauli mbili zisizo sawa. Ya kwanza ni ungamo la mjinga anayetafuta. Ya pili ni dai kubwa juu ya ulimwengu. Wanafizikia wenyewe wamegawanyika tangu siku za Bohr na Einstein, ingawa fomula zao ni zile zile. Mwalimu asiipe mojawapo sauti ya nyingine. Na aseme lililo yakini: hakuna kipimo chochote kilichopatikana ndani ya atomu ambacho kingetuambia saa yake.

Tena hilo "yenyewe" lina mpaka. Tangu kazi ya Dirac ya mwaka 1927 inaeleweka kuwa hata nafasi isiyo na mwanga haijanyamaa kabisa, na kwamba atomu hushuka kwa kushirikiana nayo. Mwaka 1985 wataalamu katika chuo cha MIT, Marekani, walizipitisha atomu za sizi, zilizopandishwa hali ya juu sana, kati ya mabamba mawili ya metali yaliyokaribiana kiasi kwamba wimbi la fotoni ile halingepata nafasi. Atomu zikakawia kushuka. Ikiwa mahali ulipo huweza kukuchelewesha, je, umeshuka mwenyewe au umeruhusiwa? Sisi tungesema bado "hushuka", huku tukitambua kuwa hata kitenzi hiki cha kutendea peke yake kina mwenzi aliyejificha.

Kimebaki kile tulichoanza nacho, kuruka. Schrödinger hakukipenda maishani mwake mwote, na mwaka 1952 alichapisha makala ya kuuliza kama miruko hiyo iko kweli. Mwaka 1986 wataalamu waliozinasa ayoni mojamoja waliona mwanga wake ukizimika na kuwaka ghafla, na wengi wakasema: basi, huruka. Kisha mwaka 2019, katika chuo kikuu cha Yale, Zlatko Minev, Michel Devoret na wenzao walichunguza atomu ya kuundwa, yaani sakiti ya umeme iliyopozwa sana yenye hali zinazohesabika kama za atomu. Wakati wa kuanza kwa mruko haukutabirika mbali, lakini mruko ulipokwisha kuanza waliutambua ukiwa njiani, wakaona kuwa unakwenda taratibu kwa mwendo usiokatika, na hata wakaurudisha ulikotoka kabla haujatimia. Haikuwa haidrojeni, nalo ni jambo la kukumbukwa.

Katika sarufi yetu tofauti hiyo ina nyumba tayari. Kwa miaka zaidi ya mia moja, kila fotoni iliyofika machoni mwa mtu ilisema kauli moja: imeshuka. Kiambishi -me- ndicho pekee kilichokuwa na ushahidi. Walichokipata wale wa Yale, kwa mara ya kwanza, ni haki ya kutumia -na-: inashuka. Darasani kwetu, tukiwa na bomba la haidrojeni na mche wa kioo, ushahidi tulio nao bado ni wa -me-, na kitenzi tunachokiandika ubaoni ni "imeshuka".